Sura ya Tisa: Panya Waliong'aa Matumbo

Karandinga la mahakamani lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo, uso wake ukielekea getini, na Inspekta Demetria alipoliona tu asubuhi ile alijua kwamba Gozbert ameshamaliza kazi yake. Gozbert hakuwa mtu wa kuchelewa. Waliingia chuo cha polisi Moshi mwaka mmoja, wakachimba mitaro pamoja, wakala maharage yenye wadudu pamoja, na leo mwenzake alikuwa Mrakibu Msaidizi mwenye ofisi ya kiyoyozi huku yeye bado anagombea kiti na koplo wa zamu. Kila alipomwona akipita korido na fimbo yake kwapani, Demetria alihisi kitu kinamkaba kooni. Kitu hicho kilikuwa wivu, na hakuwahi kujidanganya kwa kukiita jina jingine.

Mahabusu wa Gozbert alikuwa Dokta Elibariki Nanyaro, mtaalamu wa picha za mionzi katika maabara moja ya utafiti wa saratani kule Kinyerezi. Alikamatwa Jumamosi. Leo Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, angepandishwa karandinga na kupelekwa mahakamani, Gozbert angepinga dhamana, na jua likizama Dokta Nanyaro angekuwa ndani ya gereza la Segerea akigawana mkeka na wezi wa pikipiki. Ukishaingia kule, hata ukitoka bila kosa, kazi ya serikali unaisikia redioni.

Afande Marietha, mkuu wa upelelezi, ndiye aliyempa Demetria jalada. Alisema alipige jicho la mwisho, wasije wakaaibika mbele ya hakimu.

"Una mpaka gari liondoke," alimwambia. "Likishatoka getini, kesi ni ya Gozbert."

Demetria alilisoma jalada akiwa amesimama. Maabara ilikuwa inajaribu dawa mpya ya saratani kwa panya weupe. Kila panya alipandikizwa uvimbe begani. Nusu yao walipewa dawa, nusu wakapewa maji ya chumvi tu. Ijumaa walipopigwa picha, wale waliopewa dawa walikutwa wanang'aa tumbo zima, ikaonekana kwamba badala ya kupona saratani imewatapakaa. Mkurugenzi, Profesa Lusungu, aliapa kwamba kuna mtu amewachoma sindano ya chembe hai za saratani tumboni ili kuua mradi kabla wafadhili hawajaja Jumatano. Jumamosi Gozbert akapekua, na kwenye droo ya Dokta Nanyaro akakuta kichupa kitupu cha chembe hizohizo. Juu ya hapo, wafanyakazi wote walitoa maelezo yanayofanana kasoro majina: Nanyaro anamwonea wivu Dokta Zarin, bosi wa mradi, na alishasema kantini kwamba kazi ya yule mama itaozea mikononi mwake.

Lilikuwa jalada zuri, na uzuri wake ulimchoma Demetria. Akaomba gari, akaenda Kinyerezi.

Maabara ilijificha nyuma ya mitambo ya gesi, ndani ya ukuta mrefu wenye geti moja. Mlinzi alikuwa mzee Kasiani, mstaafu wa jeshi, mtu wa kunyoosha suruali pasi hata siku ya mvua. Demetria alimwamkia shikamoo, akamuuliza nani waliingia ndani jioni za wiki iliyopita.

"Marahaba mwanangu. Mtu wa nje hakuingia hata mmoja," mzee alisema. "Ni wa humuhumu tu. Mie getini siachi nzi apite."

Chumba cha panya kilikuwa na baridi na harufu ya pumba. Dokta Zarin Datoo alimpokea mlangoni, mwanamke mwembamba wa makamo, ushungi mweusi umefungwa vizuri chini ya kofia ya maabara, macho mekundu ya mtu aliyelia au asiyelala. Aliongea kwa utulivu. Demetria alimwomba amweleze picha zinavyopigwa, amweleze kama anavyomweleza shangazi yake, na Zarin alifanya hivyo bila kumdharau.

Kamera zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwanga, nayo ni ya Zarin. Panya anadungwa rangi maalumu inayonata kwenye uvimbe, analazwa usingizi, anaingizwa kwenye sanduku lenye giza totoro na kumulikwa mwanga mwekundu. Pale penye rangi panarudisha mng'ao. Ya pili ilikuwa ya mionzi, nayo ni ya Nanyaro. Panya yuleyule anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, nayo inakwenda kung'ang'ania kwenye uvimbe, kisha kamera inahesabu mionzi inayotoka mwilini. Picha ya mwanga ni kali lakini haioni mbali chini ya ngozi. Ya mionzi inapenya mpaka ndani ila ina ukungu. Ndiyo maana panya hulazwa kwenye kitanda kidogo cha plastiki, na kitanda hicho ndicho kinachohamishwa kutoka kamera moja kwenda nyingine bila mnyama kugeuzwa, ili picha mbili ziwekwe moja juu ya nyingine, na bega liangukie juu ya bega.

"Na picha za mionzi za Ijumaa ziko wapi?" Demetria aliuliza.

"Hazipo. Alisema mashine imegoma."

"Imegoma kweli?"

"Sijui. Mie sigusi mashine yake." Zarin alivuta ushungi. "Na yeye hathubutu kugusa yangu. Miaka mitatu tunagawana panya, Afande, hatujawahi kugawana hata chai."

Demetria akasogea kwenye vizimba. Kila kizimba cha panya wa dawa kilikuwa na kibandiko chenye jina la Zarin kwa maandishi makubwa ya wino mwekundu. Profesa alikuwa amepiga marufuku mtu kubadilisha matandiko mpaka polisi wamalize, kwa hiyo pumba za chini zilikuwa bado zilezile za wiki nzima. Demetria alikulia Muleba akifuga sungura, na aliyewahi kufagia banda la sungura hasahau kinyesi kinasema nini. Akachota kwa kijiko. Juu kabisa vinyesi vilikuwa vya kahawia. Chini yake, vilivyokauka, vilikuwa na rangi ya kijani kilichoiva. Akaenda kwenye vizimba vya panya wa maji ya chumvi, akachota tena. Huko vilikuwa vya kahawia juu mpaka chini.

Alivitia kwenye bahasha mbili tofauti, akaziandika, akamshukuru Zarin. Akipita chumba cha pili alimwomba fundi awashe mashine ya mionzi. Ikawaka bila kinyongo.

Saa za kupoteza hazikuwepo, akarudi kituoni. Kwenye korido akakutana na Gozbert, naye kwa upole wa mtu anayeshinda akamuuliza kama panya wamempa maelezo. Demetria alicheka kwa adabu, akaapa moyoni kwamba mtu huyu atalala vibaya leo.

Dokta Nanyaro aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, mkanda umechukuliwa, suruali kaishika kwa mkono mmoja. Hata hivyo alikaa kwenye kiti kama mgeni rasmi. Kuhusu kichupa, hakukana. Alisema alichukua chembe zile kupandikiza panya wake wawili, wako kwenye chumba cha akiba na waliotaka wangewaona, ila hakuna aliyemuuliza. Alitaka kuonyesha kwamba kamera yake peke yake inatosha, bila taa za mtu mwingine. Gozbert alipomuuliza Jumamosi alikaa kimya, maana aliona dharau kuhojiwa mbele ya wafagizi.

"Na Ijumaa mashine yako ilikuwaje?" Demetria aliuliza.

"Iligoma."

"Nimeiwasha leo, imewaka."

"Mashine zina siku zake, Afande."

Alikuwa anadanganya, na alidanganya kivivu, kama mtu asiyeona haja ya kujitetea. Hilo ndilo lililomshangaza Demetria. Mtu anaona karandinga dirishani, na bado kuna kitu anakikalia kama kuku wa mayai. Akamtazama vizuri, akaona koo lililokabwa na wivu. Alikuwa analijua koo lile kutoka kwenye kioo cha kwake mwenyewe kila asubuhi. Mtu wa namna hii humtishi kwa jela. Unamtisha kwa kumtaja mwenzake.

Akafunga jalada, akasimama.

"Haya. Mie nimemaliza. Wafadhili wanakuja Jumatano, Dokta Zarin ataongea nao peke yake. Nimekuta wanaandaa picha za kuonyesha ukutani."

"Picha zipi?"

"Zake. Za mwanga."

"Ule mradi ni wa kamera mbili," Nanyaro alisema. "Jina langu wameliweka wapi?"

"Sijaliona."

Hilo la picha na jina alikuwa amelitunga pale pale, akiwa ameshika kitasa. Nyuma yake Nanyaro akacheka kicheko kikavu, akasema kwamba yule mama angekwenda kuwaonyesha wafadhili uongo mtupu, na kwamba ukweli anao yeye. Demetria akarudi akakaa. Mashine haikugoma. Ijumaa, Zarin alipotoka analia, Nanyaro alibaki akapiga picha zake zote, panya mmoja mmoja, akazificha kwenye kompyuta ya maabara ndani ya folda yenye jina la mama yake mzazi. Picha zilikuwa safi. Tumboni kulionekana figo na kibofu tu, ambako dawa ya mionzi hupita ikitoka, kama ilivyo kwa panya yeyote. Saratani ya tumbo haikuwepo.

"Uliona kwamba panya ni wazima, na ukanyamaza," Demetria alisema.

"Nilitaka nizitoe Jumatano, mbele ya wafadhili. Waone kamera yake inavyodanganya." Alitazama miguu yake. "Nilitaka aumbuke."

"Ungekwenda Segerea na picha za kukutoa ziko Kinyerezi?"

"Nilijua mngeniachia kabla."

Demetria alimwona mpumbavu, na hapohapo akamwonea huruma. Alimwambia abaki na suruali yake, atarudi. Akampigia Afande Marietha aongezewe muda kidogo. Marietha akajibu kwamba hakimu hasubiri panya, na gari litaondoka baada ya chakula kama ilivyopangwa.

Kule maabara, Profesa Lusungu mwenyewe alifungua ile folda. Zarin alisimama nyuma yake. Picha za mwanga zilitandazwa kwanza, kisha zile za mionzi zikawekwa juu, na kila panya akawa mmoja mwenye rangi mbili. Begani, rangi zilikutana zikawa kitu kimoja. Kwa panya wa dawa alama hiyo ya bega ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na kwa wale wa maji ya chumvi ilikuwa nene. Tumboni kulikuwa na mng'ao wa Zarin peke yake, mpana, umejikunjakunja, usioshikwa na chochote kutoka upande wa Nanyaro isipokuwa zile figo na kibofu.

Profesa alikaa chini. Alisema polepole kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba alikuwa karibu kuwaua panya wote leo jioni.

"Basi kinachong'aa tumboni ni nini?" Demetria aliuliza.

"Sijui," Zarin alisema.

Alilijibu haraka mno. Mtu aliyeisomea kazi hiyo maisha yake yote, ukimwonyesha kitu kigeni kwenye picha yake mwenyewe, kwanza huinama akitazame. Zarin hakuinama. Demetria akatoa zile bahasha, akaomba vinyesi viwekwe kwenye sanduku la giza kama anavyowekwa panya. Zarin alisita, akasema kamera si ya mchezo, lakini Profesa alishachukua vibakuli. Walipiga picha. Kinyesi cha kahawia kilibaki giza. Kile cha kijani kiliwaka kama kaa la moto.

"Majani," Profesa alisema, akajipiga paji la uso. Alieleza akijilaumu. Jani lolote bichi au kavu, likimulikwa na mwanga ule, linang'aa, na likishaliwa linaendelea kung'aa likiwa tumboni. Ndiyo maana panya wa maabara hulishwa chakula maalumu kisicho na majani, kinachoagizwa nje kwa gharama za kuumiza roho. Ni jambo wanalofundishwa watu wa mwanga siku ya kwanza. Yeye alishaacha kushika kamera zamani, akawa mtu wa vikao, na lilikuwa limemtoka kichwani kabisa.

"Dokta Nanyaro alilijua?"

"Elibariki? Kamera yake haioni majani. Ungemlisha panya bustani nzima, kwake ni giza tu."

Hapo Demetria alipumua. Mtu aliyefanya hivi alijua udhaifu wa kamera moja tu, na hakuwa mtu wa kamera ya pili. Tena hakutaka kuua panya. Alitaka kumvunja moyo mwenye kamera ya mwanga, na alichagua vizimba vyenye jina lake kwa wino mwekundu.

Alikuwa bado anawaza nani anaweza kupita na majani mbele ya mzee Kasiani, aliposikia geti linafunguliwa. Hakukuwa na honi. Kupitia dirishani aliona pikapu nyeupe ikiingia moja kwa moja, mzee Kasiani akipiga saluti ya mzaha, na dereva akishuka na tifini mbili za chakula, moja akamkabidhi mzee. Demetria akashuka ngazi.

"Mzee wangu, uliniambia mtu wa nje haingii."

"Haingii," Kasiani alisema, kifuniko cha tifini tayari mkononi, mvuke wa pilau ukimpanda usoni. "Huyu si mtu wa nje, huyu ni shemeji. Mume wa Dokta. Anamletea mkewe chakula mchana na jioni, na mie haninyimi."

Kumbe mzee alisema kweli kadiri alivyojua. Shemeji si mgeni. Shemeji anapita mpaka chumba cha panya, anamsubiri mke amalize, hakuna anayemtazama mara mbili.

Jawad Datoo alikuwa mwanaume mnene mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na mchangamfu. Alimwita Demetria sista, akamkaribisha pilau. Demetria akamuuliza shughuli zake. Alikuwa na duka Temeke, alisema, la vyakula vya mifugo: kuku, ng'ombe wa maziwa, na siku hizi sungura, maana vijana wote wameingia kwenye sungura. Nyuma ya pikapu kulikuwa na magunia. Moja lilikuwa wazi, limejaa chakula kilichokandamizwa kuwa vipande vifupi, saizi ileile ya chakula cha panya, rangi ya kijani.

"Hiki kina nini ndani?"

"Mlonge, mahindi, pumba. Sungura wanakipenda balaa."

"Naomba kiganja kimoja. Na wewe twende juu."

Uchangamfu ukamtoka hatua kwa hatua kadiri walivyopanda ngazi. Zarin alipomwona mumewe akiingia nyuma ya inspekta alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, mikono mapajani. Hakumsalimia. Profesa aliweka vipande vile kwenye sanduku la giza. Kwenye skrini kila kipande kiliwaka.

Jawad aliangalia skrini kwa muda mrefu. Kisha alisema, bila kuulizwa tena, kwamba hakutaka kumdhuru mtu wala mnyama. Zarin mwenyewe ndiye aliyemweleza mambo ya majani, siku moja mezani, akicheka kwamba mchicha wa ndani ya panya unaweza kumtia presha daktari. Yeye alilihifadhi.

"Kila jioni yuko chumba cha giza na yule jamaa," alisema. "Giza, sista. Nakaa pale nje na tifini, chakula kinapoa, nasikia wanaongea taratibu. Nyumbani ananisimulia Elibariki kafanya hivi, Elibariki kasema vile. Hata usingizini anamtaja. Mie nikasema, kazi hii ikifeli atarudi nyumbani. Wiki nzima nilikuwa nawawekea kidogo kidogo. Ijumaa alirudi analia, nikaacha. Sijarudi tena kule ndani."

"Na yule jamaa alipokamatwa?"

"Nikaona Mungu kanisaidia."

Demetria alitoka koridoni kupiga simu. Afande Marietha alisikiliza mpaka mwisho, akasema karandinga limeshatoka getini. Demetria akamwomba alirudishe. Nyuma ya simu alimsikia Gozbert akipinga, akisema jalada limekamilika na wivu wa mshtakiwa umethibitishwa na mashahidi wote. Marietha akamjibu kwa sauti ya chini, Demetria asisikie maneno, na baada ya muda akarudi kwenye simu kusema gari limegeuzia Tabata na Dokta anashushwa. Demetria alifurahi kwa ajili ya Nanyaro. Alifurahi zaidi kwa ajili ya Gozbert, na akaiacha furaha hiyo imtembee mwilini taratibu kama chai ya maziwa.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Alirudi ndani, akamimina kinyesi kilichobaki kwenye karatasi nyeupe mbele ya Zarin.

"Mumeo anasema hakurudi tena humu baada ya Ijumaa. Namwamini. Kijani kiko chini, kahawia iko juu. Kuna mtu aliyatoa majani kwenye vyombo vya chakula, akaweka chakula safi. Profesa, nani amewalisha panya tangu Jumamosi?"

"Zarin peke yake," Profesa alisema. "Aliomba mwenyewe. Alisema hamwamini mtu."

Zarin hakubisha. Alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalikuwa makavu.

"Niliona Ijumaa ileile," alisema. "Utumbo ukishauona mara moja unaujua. Nikafungua kizimba, nikakuta vipande vya kijani. Nani mwingine ana duka la sungura?"

"Mbona hukusema?"

"Ningemsema mume wangu?" Alimtazama Jawad. "Halafu Jumamosi nikafika nikakuta wanapekua droo ya Elibariki. Afande, unajua ni mara ngapi yule mtu amesimama mbele ya wageni akasema kamera yangu ni taa ya kuchezea watoto? Mradi niliuandika mie. Yeye akaletwa juu ya mgongo wangu, na kila panya wangu lazima apite mikononi mwake. Nilisema acha wamchukue. Siku chache za chakula safi, matumbo yanazima, napiga picha upya, dawa inaonekana inafanya kazi. Na ripoti inakuwa ya mtu mmoja."

Profesa aliinuka akaenda dirishani, akawapa mgongo. Demetria aliandika alichosikia, akamwonya Zarin kwamba atahitajika kituoni pamoja na mumewe, akasema wote watapanda gari moja kwa kuwa hana la pili.

Jawad alikuwa hajaondoa macho kwa mkewe. Hakuonekana kusikia habari ya kituo.

"Kwa hiyo yule jamaa," alisema, "hujawahi kumpenda?"

"Elibariki?" Zarin alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. "Siwezi hata kuvumilia anavyokohoa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Jawad."

Mwanaume yule mnene alitikisa kichwa polepole. Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine.

"Jumamosi ulirudi mapema," alisema. "Na jana pia. Tumekula pamoja mara mbili, watoto wakashangaa. Nikajua nimekurudisha nyumbani."

Zarin alianza kuvua kofia ya maabara, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Nilikuwa nasubiri matumbo yasafike," alisema.